Sant-sipahi maana yake nini?

Kuna picha utaikuta katika nyumba nyingi za Masikh, wale tuliozoea kuwaita Masingasinga au Makalasinga. Mzee mwenye ndevu nyeupe ameshika upanga mpana mkono wa kulia, na juu ya kiganja cha kushoto amebeba kichwa chake mwenyewe kilichokatwa. Huyo ni Baba Deep Singh. Uliza alikuwa nani, utajibiwa kwa neno la Kipunjabi: sant-sipahi.

Sant ni mtu wa Mungu, aliyezama katika ibada. Sipahi ni askari, neno lenye asili ya Kiajemi. Lakini usimfikirie mchamungu aliyeingia vitani kwa dharura kisha akarudi kwenye tasbihi yake. Kwa Masikh, hizo ni sifa mbili za mtu mmoja kwa wakati mmoja, na ya kwanza ndiyo inayoishika hatamu ya pili.

Wazo hili lilianza kwa msiba. Mwaka 1606 Guru Arjan, kiongozi wa tano wa Masikh, aliuawa mjini Lahore chini ya utawala wa Jahangir, mfalme wa dola ya Mughal. Mwanawe Hargobind, kijana mdogo bado, alirithi uongozi akajifunga panga mbili: miri, mamlaka ya dunia, na piri, mamlaka ya roho. Mwaka 1699, huko Anandpur, Guru Gobind Singh, kiongozi wa kumi, akaanzisha Khalsa, udugu wa Masikh walioapishwa. Anayejiunga hunyweshwa amrit: maji na vipande vya sukari katika bakuli la chuma, yakikorogwa kwa upanga ukatao kuwili huku sala zikisomwa. Ukitaka kuielewa dhana yote kwa mara moja, litazame bakuli hilo.

Deep Singh alizaliwa mwaka 1682 katika kijiji cha Pahuwind, Punjab, akainywa amrit hiyo akiwa kijana Anandpur. Huko alifundishwa farasi na silaha, na pia kusoma na kuandika Gurmukhi, herufi za Kipunjabi, chini ya mwalimu Bhai Mani Singh. Hapa ndipo wasimuliaji wengi wanapopita mbio ili wafike vitani, na nadhani wanakosea. Sehemu kubwa ya maisha yake aliishi Damdama, Talwandi Sabo, akifundisha na kunakili Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Masikh, kwa mkono. Maandiko ya zamani hayakuachwa nafasi kati ya neno na neno. Mstari mzima ulikuwa mnyororo wa herufi. Mnakili asiyejua neno linaishia wapi angeharibu maana. Kazi hiyo inataka mkono usiotetemeka na kichwa kisicho na haraka. Mapokeo yanamtaja kuwa alinakili kitabu kizima mara nne.

Mwaka 1757 majeshi ya Ahmad Shah Durrani kutoka Afghanistan yalilinajisi hekalu la Harmandir Sahib, Amritsar, na bwawa lake takatifu likafukiwa kwa vifusi. Habari zilipomfikia Damdama, mzee alikuwa na miaka 75. Aliweka kalamu chini, akaondoka na watu wake, na wengine wakajiunga njiani. Karibu na Tarn Taran alichora mstari ardhini kwa upanga: aliye tayari kufa avuke, asiye tayari arudi nyumbani. Wakavuka.

Vita vilipiganwa upande wa Gohalwar, nje kidogo ya Amritsar, na huko akajeruhiwa shingoni. Wako wanaosema kichwa kilikatika kabisa naye akaendelea kupigana amekibeba. Wengine wanasema alikishikilia tu kisianguke. Wote wanakubaliana kwamba alikuwa ameapa kufia hekaluni. Leo ukizunguka bwawa lile, kwenye sakafu ya marumaru pameachwa alama panapoaminiwa kuwa ndipo alipoanguka. Watu husimama hapo, huinama, kisha huendelea na mzunguko.