Je, wajua timu iliyokosa kombe la ligi yake huingiaje kwenye mashindano ya kikapu ya vyuo Marekani?

Usiku wa tarehe 12 Machi 2009, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alikuwa kwenye mechi iliyokataa kwisha. Timu yake ya Chuo Kikuu cha Connecticut ilikuwa ikicheza robo fainali ya kombe la ligi yao, Big East, dhidi ya Syracuse. Dakika 40 ziliisha sare. Wakaongezewa tano, sare tena. Zikaja nyongeza nyingine, na nyingine, hadi zikatimia sita. Syracuse walishinda 127 kwa 117, saa saba na dakika 22 usiku. Connecticut wakatolewa, na kombe lenyewe likaishia kwa Louisville.

Siku tatu baadaye, timu hiyohiyo iliyotolewa iliitwa kwenye mashindano ya taifa ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, na kuwekwa kileleni mwa kanda yake. Mwanzoni mwa Aprili Thabeet alikuwa Detroit akicheza nusu fainali. Sisi tuliokuwa tukimfuatilia kwa mbali tulifurahi tu, wala hatukujiuliza: kama kombe la ligi walilikosa, walipita mlango gani?

Milango ni miwili. Wa kwanza ni wa mabingwa: kila ligi ya vyuo hucheza kombe lake mwezi Machi, na bingwa anapata tiketi moja kwa moja. Wa pili ni mwaliko wa kamati. Mwaka 2025, kati ya timu 68 za wanaume zilizoshiriki, 31 zilikuwa mabingwa wa ligi zao na 37 zilialikwa. Maana yake zaidi ya nusu ya mashindano yale hujazwa na timu ambazo hazikubeba kombe la ligi.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mashindano yalianza mwaka 1939 na timu nane tu, na kwa miaka mingi ligi ilipeleka timu moja, basi. Aliyeshika nafasi ya pili alirudi nyumbani hata angekuwa bora kuliko mabingwa wengine wote. Machi 1974, Maryland na North Carolina State walikutana katika fainali ya ligi ya ACC, timu mbili zilizokuwa miongoni mwa bora nchini. North Carolina State walishinda 103 kwa 100 katika muda wa nyongeza, kisha wakaenda kuwa mabingwa wa taifa. Maryland, waliokosa pointi tatu tu mbele ya timu iliyofungwa mara moja tu msimu mzima, waliachwa nje. Mwaka uliofuata mashindano yakapanuliwa hadi timu 32 na mlango wa pili ukafunguliwa. Kila ninapousoma mkasa huo naona haki ilichelewa kwa mwaka mmoja.

Sasa tufike kwenye swali gumu: anayealikwa anachaguliwaje? Kwenye soka la Afrika tumezoea hesabu nyepesi. AFCON ina kanuni ya washindwa bora: walioshika nafasi ya tatu katika makundi wanapangwa kwa pointi na magoli, na wanne wa juu wanapita. Ivory Coast walipita hivyo Januari 2024, na wakabeba kombe. Hakuna aliyeketi chumbani kujadili kama wanastahili. Hesabu ilisema.

Kikapu cha vyuo hakiwezi kufanya hivyo kwa sababu timu za daraja la kwanza ni zaidi ya 350, na kila moja hucheza mechi zipatazo 30 tu. Timu nyingi hazikutani kabisa. Mmoja ameshinda mechi 28 dhidi ya vyuo vidogo, mwingine ameshinda 19 dhidi ya vigogo, na hakuna msimamo unaowaunganisha.

Kwa hiyo wanakaa watu. Kamati ina wajumbe 12, wakuu wa michezo wa vyuo na makamishna wa ligi. Wanapiga kura ya siri kwa mzunguko: wanateua nane zinazoonekana bora kati ya zilizobaki, wanazipanga, nne za juu zinaingia, nne za chini zinasubiri kushindanishwa na nyingine. Kisha wanaanza upya, mpaka nafasi ziishe. Chuo cha mjumbe kikijadiliwa, mjumbe huyo anatoka nje ya chumba.

Mezani wanakuwa na orodha iitwayo NET, iliyoanza kutumika msimu wa 2018/19, ambayo huzipanga timu zote kwa kuangalia matokeo, nguvu ya wapinzani na uwiano wa pointi. Kutokana na orodha hiyo kila mechi inaingizwa katika mojawapo ya mafungu manne. Ukimfunga nyumbani mpinzani aliye ndani ya 30 bora, au kwenye uwanja huru aliye ndani ya 50 bora, au ugenini aliye ndani ya 75 bora, huo ni ushindi wa Fungu la Kwanza. Ndiyo dhahabu ya chumba kile. Fungu la Nne ni la wanyonge: ukishinda hakuna anayekusifu, ukipoteza utaulizwa.

Kwamba ushindi wa ugenini unahesabiwa zaidi, hilo ni haki kabisa. Yeyote aliyewahi kwenda kucheza kwa watu anajua kelele za wenyeji zinavyokula miguu. Tatizo liko kwingine. Chuo kikubwa huchagua mechi zake za Novemba na Desemba, na hakina sababu ya kukitembelea chuo kidogo chenye timu kali. Kikifungwa huko, kimejiharibia. Kikishinda, hakikupata kikubwa. Badala yake hukilipa chuo kidogo kije kucheza kwake. Januari ikifika, wakubwa wanacheza wao kwa wao katika ligi zao, na kila wiki nafasi ya Fungu la Kwanza inawapitia mlangoni. Mwaka 2025 ligi ya SEC, yenye vyuo 16, iliingiza timu 14. Mdogo anaweza kupata nafasi kama hizo mbili tatu msimu mzima, halafu Machi anaulizwa mbona hakuvuna, ilhali shamba hakupewa.

Indiana State wanalijua hilo. Ndicho chuo alichotokea gwiji wa kikapu Larry Bird. Mwaka 2024 walishinda mechi 28, wakapoteza sita, wakaongoza msimamo wa ligi yao, na NET iliwaweka ndani ya 30 bora. Walipoteza fainali ya kombe la ligi yao kwa Drake, 84 kwa 80. Kamati haikuwaita. Virginia, kutoka ligi kubwa, waliitwa, na wakafungwa na Colorado State 67 kwa 42 katika mechi yao ya kwanza. Indiana State walipelekwa mashindano ya daraja la pili ya NIT, wakafika fainali na kupoteza kwa pointi mbili.

Mwaka ule pia nafasi zilikuwa chache kwa sababu ya timu zilizobeba makombe ya ligi bila kutarajiwa. North Carolina State, walewale wa 1974, walimaliza msimu wa kawaida wakiwa na ushindi 17 na vipigo 14, rekodi isiyomshawishi mjumbe yeyote. Wakashinda mechi tano katika siku tano, wakachukua kombe la ACC, na hatimaye wakafika nusu fainali ya taifa. Kila timu ya namna hiyo inapoingia kwa mlango wa mabingwa, nafasi moja inapungua kwenye mlango wa waalikwa.

Mwaka 2025 zogo likawa kubwa zaidi. North Carolina, chuo tofauti na North Carolina State, waliitwa wakiwa na ushindi mmoja na vipigo 12 katika Fungu la Kwanza. West Virginia, wenye ushindi sita wa fungu hilo, waliachwa, hadi gavana wa jimbo lao akaitisha mkutano na waandishi wa habari. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mkuu wa michezo wa North Carolina. Alitoka nje timu yake ilipojadiliwa, kama kanuni inavyotaka, lakini picha ile haikupendeza. North Carolina wakaenda kuwafunga San Diego State 95 kwa 68, na watetezi wa kamati wakasema: mnaona?

Mimi siioni kuwa hoja. VCU, yaani Chuo Kikuu cha Virginia Commonwealth, nao mwaka 2011 walialikwa huku wachambuzi wakipiga kelele kwamba hawastahili, na kocha wao Shaka Smart, aliyepewa jina la Shaka Zulu, akawafikisha nusu fainali kutokea raundi ya mchujo. Nilifurahi nao. Lakini mechi unayocheza baada ya kuitwa haiwezi kuwa sababu ya kuitwa. Hapa maswali mawili yanachanganywa: nani bora, na nani amefanya kazi zaidi. La kwanza ni utabiri, na utabiri huwabeba wenye majina. La pili lina ushahidi.

Ushahidi huo sasa una kipimo. Msimu wa 2024/25 kamati iliongezewa hesabu iitwayo WAB. Inachukuliwa timu ya kufikirika, ile iliyo ukingoni kati ya kuingia na kukosa, inapewa ratiba yako yote, wapinzani walewale na viwanja vilevile. Ingeshinda ngapi? Kama ingeshinda 18 na wewe umeshinda 20, umeizidi kwa mbili. Mdogo haadhibiwi kwa kunyimwa mechi, na mkubwa hazawadiwi kwa kucheza tu na wakubwa wenzake. Ningekuwa na kura chumbani mle, ningeanzia hapo, na NET ningeiacha kazi yake ya kupima ugumu wa wapinzani.

Pia kuna fedha. Kila mechi ambayo timu inacheza katika mashindano, ukiacha fainali, huiingizia ligi yake takriban dola milioni 2, zinazolipwa kwa miaka sita. Kwa ligi ndogo, mwaliko mmoja wa ziada ni bajeti.

Thabeet alizionja pande zote mbili. Msimu wake wa kwanza, Connecticut walimaliza na ushindi 17 na vipigo 14 na hakuna aliyewaita, Machi 2007 ikapita wakiwa nyumbani. Miaka miwili baadaye, walipotoka Madison Square Garden usiku ule wa nyongeza sita, kombe hawakuwa nalo. Walikuwa na ushindi 27 na vipigo vinne, vilivyokusanywa tangu Novemba katika moja ya ligi ngumu kuliko zote nchini.