Ile ya kuganda hewani: tunavyodanganyana Mwanza na inavyotengenezwa kweli

Nashuti harusi na send-ofu hapa Mwanza mwaka wa saba sasa na kuna ombi moja haliishi, mteja anakuja na simu yake anakuonesha kipande cha video, mtu karuka, kaganda hewani, alafu picha inamzunguka kama vile dunia nzima imesimama ila we unayeangalia ndo unatembea. Mama mmoja wa Nyegezi akaniambia, "Mwanangu, wakati wa kurusha maua nataka hii ya kuganda." Nikamjibu haina shida mama, na kichwani sijui hata naanzia wapi. Nikazunguka kuuliza wenzangu wa kazi, kila mtu ana jibu, na mengi yalikuwa uongo, sio kwa nia mbaya, ni vile tu hakuna aliyewahi kujaribu.

Cha kwanza nilichoambiwa: "hiyo ni slo mosheni tu kaka, shuti fremu nyingi punguza spidi."

Hapana. Slo mosheni ni kamera moja inayopiga picha haraka kuliko utakavyozionesha. Ukishuti fremu (zile picha moja moja zinazounda video) 240 kwa sekunde ukazicheza kwa fremu 24, sekunde moja inakuwa kumi, basi. Muda umevutwa ila bado unatembea. Kwenye ile ya kuganda muda haujavutwa, hauko kabisa. Kila fremu unayoiona imetoka kwenye kamera nyingine iliyosimama hatua moja pembeni, zote zimepiga tukio lile lile, alafu ukazipanga kwa mstari: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Badala ya kusonga kwenye muda unasonga kwenye sehemu. Mimi hilo nililala nalo siku mbili ndo likaniingia, na likishakuingia mengine yote yanafunguka.

Sasa tuje kwenye 360, maana hapa ndo watu wanapigwa hela. Ule mkono unaozunguka jukwaa dogo ukumbini, simu moja mbeleni, maharusi wanacheza katikati, DJ anapiga kelele, watu wengi wanaamini hiyo ndo ile ile. Sio. Ni kamera moja, imefunikwa na slo mosheni. Kipimo chake rahisi sana: angalia maua ya karatasi waliyorusha. Yanashuka? Basi muda unatembea. Na ukisema ngoja niongeze spidi ya mkono mpaka maua yasionekane kushuka, piga hesabu. Mkono wa mita moja unachora duara la mita 6 na ushee. Ukitaka uzunguke wote ndani ya sehemu ya mia ya sekunde, simu yako itakuwa inakimbia zaidi ya mita 600 kwa sekunde, yani inaipita sauti, na hapo hatuongelei tena harusi tunaongelea msiba. Ndo maana wenye akili waliacha kuisogeza kamera wakaamua kuziweka nyingi.

Kuna wanaosema ilianzia kwenye The Matrix mwaka 1999. Ile sinema iliipa umaarufu kweli, walipanga kamera za picha za mnato kama 120 zikimzunguka mwigizaji, pazia la kijani nyuma. Ila mwanzoni mwa miaka ya 1980 msanii Tim Macmillan kule Uingereza alishaanza kugandisha vitu kwa kumzungushia mtu mkanda wa filamu na kupiga picha zote kwa mpigo. Na ukirudi nyuma zaidi, Juni 1878 kule California mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 pembeni ya njia ya farasi, nyuzi zimepita njiani, farasi akikata uzi kamera inapiga. Farasi! Lengo lilikuwa kuona kama kuna muda miguu yote minne inaacha ardhi, na ikaonekana kweli inaacha. Kwahiyo wazo la kamera nyingi kwa tukio moja ni la zamani kuliko sinema yenyewe.

Huyo farasi anajibu na dhana nyingine, kwamba lazima kamera zote zipige kwa pamoja. Sio lazima. Zikipiga pamoja kitu kinaganda kabisa. Ukizichelewesha kidogo kidogo, hii alafu hii alafu hii, kitu kinasogea polepole sana huku picha inazunguka kwa spidi yake, na ndo kilichofanyika kwenye ile sinema, zilikuwa zinapokezana. Unachagua mwenyewe. Usichoweza kuchagua ni kutojua ipi imepiga lini.

Na hapa ndo palinitoa jasho. Tulikusanya simu 12, za kuazima, za ndugu, za majirani, mpaka ya bibi mmoja muuza dagaa wa hapa mtaani. Tukaenda kwenye mawe upande wa Capri Point na jirani yangu fundi mwashi, maana nilidhani kazi ni ya kamera kumbe kazi ni ya ujenzi. Akachomeka kigingi katikati, akafunga kamba ya mita 3, akachora robo duara kama anayeanza msingi wa nyumba ya msonge. Robo duara la mita 3 lina urefu wa mita 4.7 hivi, simu 12 zikakaa kila sentimita 43, urefu mmoja kutoka chini, zote zinaangalia utepe mwekundu kwenye kigingi. Moja ikiinama kidogo tu, ukija kupanga fremu mtu anarukaruka kama ana kwikwi.

Tukio letu ni kijana anamwaga ndoo ya maji hewani (kuruka ziwani nilikataa, kichocho sitaki). Watu wanasema we bonyeza tu zote, piga kofi, utazipanga kwenye kuediti kwa sauti yake. Ni nusu ya ukweli. Kofi la pale katikati linafika kwenye simu zote sawa kwasababu umbali ni mmoja, hapo sawa. Ila simu inayoshuti fremu 30 kwa sekunde, hata ukiipanga vizuri inaweza kupishana na mwenzake nusu fremu, na maji yanayoruka mita 5 kwa sekunde yanakuwa yamesogea sentimita 8. Kwahiyo unapozunguka maji yanatetemeka. Tulivyopandisha mpaka fremu 120 ile tofauti ikashuka mpaka sentimita 2, ikaanza kueleweka. Kumbe fremu nyingi zina kazi, ila sio ile niliyoambiwa mwanzo.

Alafu jua. Ilikuwa jioni, linazamia ziwani, simu zinazoangalia maji zikajipunguzia mwanga, zinazoangalia mawe zikajiongezea, matokeo yake picha inapepesa kama taa mbovu. Funga mwanga na rangi kwenye kila simu kabla ya kuanza, usiiachie simu ijiamulie.

"Basi app itajaza fremu zilizopungua." Itajaza kiasi. Fremu 12 ukizicheza 25 kwa sekunde hazifiki hata nusu sekunde, hivyo unaiambia programu ibuni za katikati, na hata wenye kamera 120 walijazia kwa kompyuta. Kwenye uso na shati ilijitahidi. Kwenye matone ya maji ilichanganyikiwa, tone moja linayeyuka kuwa mawili, mkono ukapata kidole cha ziada.

Na wale wa vibanda umiza wanaobishana kwamba kwenye marudio ya mpira kuna kamera inaruka katikati ya wachezaji: hamna. Mwaka 2019 kampuni ya kompyuta ya Intel ilitangaza kuleta mfumo wake kwenye viwanja vya Arsenal, Liverpool na Manchester City, kamera 38 zilikuwa zinafungwa juu kuzunguka uwanja, kompyuta inajenga umbo zima la tukio alafu unachungulia kutoka popote. Kamera haijasogea hata kidogo.

Simu nilirudisha zote. Bibi wa dagaa akanipigia kesho yake kuuliza kwanini simu yake imejaa na kila video ni ndoo.

Yule mama wa Nyegezi siku ya shughuli nilimwekea 360, nikaona yaishe. Akaiangalia mara mbili, akanirudishia simu. "Mwanangu, mbona maua yanadondoka?"