Je, wajua? Duara kubwa maabara si lazima liwe la dawa kali

Mtu mwenye UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) isiyopona akiambiwa mkojo wake unaoteshwa ili bakteria wajaribiwe kwa dawa, hurudi baada ya siku mbili tatu kuchukua karatasi yenye orodha ya dawa, kila moja na herufi yake: S (dawa inamweza bakteria), I (katikati) au R (bakteria ni sugu). Maabara nyingine huandika na milimita, yaani upana wa duara ambalo kila dawa imelisafisha kwenye sahani ya bakteria. Wengi huteleza hapo. Wanatafuta namba iliyo kubwa kuliko zote, wanaamini hiyo ndiyo dawa kiboko, na safari ya duka la dawa inaanza. Kusoma majibu hivyo ni kosa, na ukijua kipimo chenyewe kinavyofanyika utaona kwa nini.

Kwanza bakteria lazima apatikane. Mkojo kidogo hupakwa kwenye sahani yenye chakula chake na kulazwa kwenye inkubeta, kabati la joto, usiku kucha. Kesho yake huonekana vituta vidogo, kila kimoja ukoo wa bakteria mmoja. Kwenye UTI mara nyingi huwa ni E. coli, mkazi wa kawaida wa utumbo aliyeingia njia ya mkojo. Mtaalamu huchota vituta vichache na kuvikoroga kwenye maji ya chumvi mpaka maji yapoteze uwazi wake kwa kiasi kinacholingana na kipimo kiitwacho McFarland 0.5, yaani bakteria wapatao milioni 150 kwa mililita. Anachovya kijiti cha pamba, anakikamua kwenye ukuta wa chupa, kisha anakipaka sahani nzima kwa kuizungusha mara tatu, asiache upenyo. Ndani ya dakika 15 anabandika diski: vikaratasi vya duara vyenye upana wa milimita 6, kila kimoja kikiwa na dawa moja kwa kiasi kinachojulikana. Sahani inarudi kwenye joto la nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 18. Ndiyo maana majibu hayatoki siku hiyohiyo hata ukibembeleza: anayepanga muda ni bakteria.

Sasa mbio zinaanza. Diski ikigusa agari yenye unyevu, yaani kile chakula cha bakteria kilichoganda kama jeli kwenye sahani, dawa hutoka na kusambaa pande zote, nyingi karibu na diski, ikipungua kadiri inavyokwenda mbali. Papo hapo bakteria nao wanazaliana, E. coli mwenye chakula na joto la kumtosha anaweza kujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Pale dawa ilipowahi kufika ikiwa bado na nguvu, hapaoti kitu. Ilipochelewa au kupungua mno, bakteria hufunika agari kwa utando mweupe. Asubuhi ukiishika sahani juu ya kitu cheusi unaona diski nyingine zimezungukwa na duara safi, na nyingine hazina duara kabisa: utando umepanda mpaka ukingoni mwa karatasi, kama vile dawa haikuwekwa. Inauma kuona hivyo kwenye dawa ambayo mtaani watu wanaimeza kila wakisikia mkojo unachoma.

Upana wa duara, basi, hautokani na ukali wa dawa peke yake. Unategemea dawa imewekwa kiasi gani kwenye diski: ya ampisilini hubeba mikrogramu 10, ya sipro (siprofloksasini) 5. Unategemea pia wepesi wake wa kusambaa. Vankomaisini ina molekuli kubwa mno, hivyo hutambaa polepole na duara lake huwa dogo hata pale inapofanya kazi. Agari ikimwagwa nyembamba maduara hutanuka, ikiwa nene hubana. Kwa hiyo kina chake huwekwa milimita 4 hivi.

Zamani kila maabara ilikuwa na mtindo wake, na majibu ya hapa hayakufanana na ya kule. Mwaka 1966 Bauer, Kirby na wenzao wa Seattle, Marekani, walichapisha utaratibu mmoja ambao ndio msingi wa unaotumika mpaka leo. Agari inayotumika, Mueller-Hinton, ilikuwepo tangu 1941. Huyo Hinton ni Jane Hinton, Mmarekani mweusi aliyekuja kuwa daktari wa mifugo, na jina lake linastahili kujulikana kuliko linavyojulikana.

Milimita zikishapimwa, kila dawa husomwa kwenye jedwali lake. Kwa E. coli, jedwali la CLSI, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya maabara, linasema ampisilini ikifika milimita 17 bakteria anasikia dawa, ndiyo S. Sipro inahitaji 26, na ikiwa 21 au chini ni R, bakteria ni sugu. Chukua basi sahani yenye maduara mawili ya milimita 20, sawa kabisa kwa macho: la ampisilini ni S, la sipro ni R. Na sipro yenye milimita 24, ingawa duara lake ni kubwa kuliko la ampisilini, inaangukia I, katikati. Mipaka hiyo huwekwa kwa kuangalia kiwango cha dawa kinachomzuia bakteria, kiwango kinachofikiwa mwilini kwa dozi ya kawaida, na jinsi wagonjwa walivyopona.

Hilo la mwili ndilo sahani haiwezi kulionyesha. Bakteria wa taifodi akiwekewa diski ya jentamaisini anaweza kutoa duara zuri kabisa. Lakini ndani ya mgonjwa hujificha ndani ya seli, mahali ambapo jentamaisini hupenya kwa shida, na dawa haimponyi. Kwa hiyo mwongozo unaitaka maabara isiandike S mbele ya jentamaisini kwa bakteria huyo, hata duara liwe pana kiasi gani.