Lile wimbi la Hokusai si tsunami

Kila bahari inapochafuka mahali fulani duniani, picha ya wimbi kubwa iliyotengenezwa na msanii wa Kijapani Katsushika Hokusai huzungushwa mitandaoni kwa jina la "tsunami ya Japani". Si kweli.

Jina la Kijapani la picha hiyo lina maana ya "chini ya wimbi, kwenye bahari iliyo mbali na pwani ya Kanagawa", na neno hilo la mbali na pwani ndilo linaloamua. Tsunami ikiwa kwenye kina kirefu huwa mwinuko mdogo tu wa maji, hata mabaharia wanaweza wasiuhisi. Huinuka inapofika maji mafupi. Ndiyo maana Wajapani wameiita hivyo: *tsu* ni bandari, *nami* ni wimbi. Hili la Hokusai ni wimbi la bahari iliyochafuka, linalovunjika kwa povu lenye umbo la makucha.

Tazama chini yake. Kuna vyombo vitatu vyembamba, vya aina ya oshiokuri, vilivyokuwa vikikimbiza samaki wabichi kwenye soko la Edo, yaani Tokyo ya leo. Wapiga makasia wameinama, wameshikilia makasia yao. Hawa ni watu walio kazini, na mimi naona ndio kiini cha picha. Kuwageuza wahanga wa maafa ni kuwanyang'anya ujuzi wao.

Hata neno "mchoro" halitoshi: ni chapa ya mbao, yaani picha iliyochapwa kwa vibao vilivyochongwa, iliyotolewa nakala nyingi mnamo 1831 hivi, katika mfululizo wa mandhari ya Mlima Fuji. Mlima wenyewe uko nyuma pale, mdogo, wenye theluji, ukidhaniwa kwa urahisi kuwa wimbi jingine.