FUSE na libfuse: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Tangu Linux 2.6.14 ya Oktoba 2005, anayetaka kuandika mfumo wa mafaili halazimiki tena kuingia ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Draiva ya FUSE (Filesystem in Userspace, mfumo wa mafaili unaoendeshwa nje ya kerneli) imo humo tayari. Programu yako inakaa nje kama programu nyingine yoyote, na katikati kuna /dev/fuse, mlango ambamo maombi hutoka na majibu hurudi. libfuse ni maktaba inayosoma maombi hayo na kuita fanksheni ulizoandika. sshfs (mafaili ya mashine ya mbali kupitia SSH) na ntfs-3g (diski za NTFS za Windows) hupita njia hii, na simu za Android kuanzia toleo la 11 hupitishia humo hifadhi ya picha na nyaraka.

Fanksheni nne tu, yaani getattr (sifa za faili), readdir (orodha ya folda), open (kufungua) na read (kusoma), zinatosha kupata kitu kinachosomeka. Wepesi huo ndio unaoponza. Karibu dhana zote zilizo hapa chini zina mzizi mmoja: mwandishi anadhani anayemwita ni amri ya mtumiaji, kama cat inayoonyesha faili au ls inayoorodhesha folda. Anayemwita ni kerneli, na kerneli ina akiba yake, saa zake na ukaidi wake. Mifano yote ni ya libfuse 3, yaani faili linaanza na #define FUSE_USE_VERSION 31 kabla ya kuingiza fuse.h, na linakompailiwa hivi:

gcc -Wall mfumo.c `pkg-config fuse3 --cflags --libs` -o mfumo

“read yangu inarudisha data lakini cat haionyeshi kitu, basi maktaba ni mbovu”

Kasoro iko kwenye getattr. Ukitangaza faili lenye st_size (ukubwa) ya 0, kerneli haina sababu ya kuomba baiti hata moja. Kwake faili limekwisha kabla halijaanza. Tatizo hili huwapata zaidi wanaotengeneza mafaili ambayo yaliyomo hupikwa papo hapo, kama hali ya mashine au jibu la seva, kwa sababu ukubwa haujulikani mapema.

Njia ni mbili. Ama uandae yaliyomo mapema na getattr itangaze ukubwa halisi, ama ndani ya open uweke fi->direct_io = 1. Ukiweka hiyo ya pili, kerneli haiangalii tena ukubwa uliotangaza. Inaendelea kuuliza mpaka read irudishe 0. Bei yake ni kwamba akiba ya kerneli haitumiki kabisa kwa faili hilo, na programu zinazofungua mafaili kwa mmap yenye MAP_SHARED, yaani kwa kuliweka faili kwenye kumbukumbu ya pamoja, kwa kawaida hukataliwa. Kwa faili dogo la taarifa hiyo si hasara. Kwa faili la hifadhidata ni balaa.

“read ni ile ile read ya kawaida”

Tazama fanksheni hii fupi, ya mfumo unaopitisha tu mafaili ya folda nyingine:

static int soma(const char *njia, char *bafa, size_t kiasi, off_t mwanzo, struct fuse_file_info *fi)
{
    ssize_t n = pread(fi->fh, bafa, kiasi, mwanzo);
    return n == -1 ? -errno : n;
}

Kuna mambo matatu humo, na kila moja limewaponza wengi.

La kwanza ni pread, inayosoma kuanzia mahali ulipotaja bila kusogeza kiashiria cha faili. Ukiandika lseek kisha read, mfumo utafanya kazi vizuri kwenye majaribio na kuharibika siku ya kazi. libfuse huendesha nyuzi (threads) nyingi bila kuombwa, na kerneli husoma mbele kabla mtumiaji hajauliza. Nyuzi mbili zikishika namba moja ya faili lililofunguliwa, mmoja husogeza kiashiria mwingine akiwa katikati ya safari, na data hutoka imechanganyika. Ukiendesha kwa -s, yaani uzi mmoja, hitilafu hupotea. Hiyo ndiyo dalili yake.

La pili ni alama ya kutoa mbele ya errno, yaani namba ya kosa. Ukirudisha ENOENT (faili halipo) bila kutoa, kerneli inaelewa kuwa umesoma baiti 2, maana ENOENT ni 2. Ukirudisha -1 tupu kwa mazoea ya C, mtumiaji anaona “Operation not permitted”, kwa kuwa EPERM ni 1, na saa nzima inapotea watu wakikagua ruhusa ambazo hazina kosa lolote.

La tatu ni wingi wa baiti. read ya kawaida ina haki ya kurudisha pungufu, nawe ukaita tena. Hapa hapana. Ukiombwa baiti 131,072 na faili bado linaendelea, toa 131,072. Ukitoa pungufu bila direct_io, kerneli inachukulia kuwa mwisho wa faili umefika: sehemu iliyobaki hujazwa sufuri au faili huonekana limekatwa. Anayesoma kutoka kwenye soketi lazima azungushe kitanzi mpaka bafa ijae, kwa sababu recv hutoa kilichofika tu.

“Kila anayefungua faili anafika kwangu, kwa hiyo anaona data mpya”

Inategemea umenakili wapi. Mfano maarufu wa hello.c unaokuja na libfuse una mstari wa cfg->kernel_cache = 1 ndani ya init, fanksheni inayoitwa mfumo unapoanza. Kwa faili lisilobadilika, lenye neno moja la salamu, mstari huo ni sahihi. Ukiubeba kwenye mfumo ambao data hubadilika upande wa pili, kerneli itatunza kurasa za zamani hata faili likifunguliwa upya, na mtumiaji atasoma habari za jana. Uondoe. Bila huo, akiba ya yaliyomo hutupwa kila faili linapofunguliwa. Kuna pia auto_cache, ambayo hulinganisha ukubwa na mtime (saa ya badiliko la mwisho) kwanza, kisha huamua kutupa au kubakiza.

Sifa za faili zina saa yake peke yake. attr_timeout na entry_timeout, yaani muda ambao kerneli hutunza sifa na majina, ni sekunde 1 usipozigusa, hivyo ukubwa uliobadilika sasa hivi unaweza kuonekana wa zamani kwa muda huo. Ukiweka 0, kila stat itakujia, na kasi itaanguka. Ukiweka 60, uwe na njia ya kuijulisha kerneli mabadiliko. Kwenye API ya juu, ile inayokupa njia za mafaili kama mifano ya hapa, fuse_invalidate_path hufanya kazi hiyo. Usiiite kutoka ndani ya fanksheni inayojibu ombi la faili hilo hilo, maana unaweza kujifungia mwenyewe. Ipe uzi wake wa pembeni.

“Faili hupakiwa kwenye seva katika release, kwa kuwa release ndiyo close”

Hii ndiyo dhana inayopoteza data za watu. release huja mara moja tu kwa kila open, baada ya mshikaji wa mwisho kuachia, na thamani inayorudisha haisomwi na mtu yeyote. Zaidi ya hapo, close ya mtumiaji inaweza kurudi kabla release haijamaliza. Kwa hiyo cp inasema imefanikiwa, mtumiaji anafuta nakala ya kwanza, kisha mtandao unakatika katikati ya release. Hakuna wa kumpa habari.

Kosa linaweza kumfikia mtumiaji kupitia flush, kwani hiyo huitwa kwenye kila close na jibu lake humrudia aliyefunga. Ila flush inaweza kuja mara kadhaa kwa open moja, kwa sababu ya dup (kunakili namba ya faili) na fork (kuzaa mchakato mtoto), hivyo weka alama ya “kuna mabadiliko” ili usipakie faili lile lile mara tatu. fsync, ombi la kuhakikisha data imehifadhiwa, nayo itekeleze kweli. Kurudisha 0 bila kufanya kitu ni kuziongopea hifadhidata.

Ukiwasha writeback_cache, iliyopo tangu Linux 3.15, kerneli hukusanya maandishi madogo na kukuletea kwa pamoja. Kasi hupanda sana kwa programu zinazoandika vipande vidogo vidogo. Lakini sasa kerneli inaweza kukuomba read kwenye faili ambalo mtumiaji alilifungua kwa kuandika tu, ili ijaze ukurasa. Ikiwa nyuma yako umelifungua kwa O_WRONLY, utapata kosa la EBADF lisiloeleweka. Badilisha O_WRONLY (kuandika tu) iwe O_RDWR (kusoma na kuandika) ndani ya open, na uondoe O_APPEND (kuandika mwishoni), kwa kuwa kerneli yenyewe ndiyo inayohesabu mwisho wa faili.

“chmod 600 inalinda, na root anaona kila kitu”

Nusu zote mbili ni kinyume. Usipotoa chaguo lolote, aliyepachika (mount) mfumo ndiye pekee anayeingia. Hata root, msimamizi mkuu wa mashine, akiandika ls hupata “Permission denied”, na ndiyo maana kazi za kuhifadhi nakala zinazoendeshwa na root huruka folda hizo. Ukiongeza -o allow_other, wengine wanaingia, mradi /etc/fuse.conf iwe na mstari wa user_allow_other ikiwa anayepachika si root.

Hapo ndipo mtego ulipo. Ukishatoa allow_other bila default_permissions, kerneli haikagui tarakimu za ruhusa. Ile 600 (mwenye faili tu asome na kuandika) inayoonekana kwenye ls -l ni pambo tu. Kazi ya ukaguzi imeachiwa programu yako, ambayo itatazama fuse_get_context()->uid na kuamua. Wengi hawaandiki ukaguzi huo. Basi ziweke mbili pamoja, allow_other na default_permissions, na kerneli itafuata uid, gid na mode ulizotangaza kwenye getattr.

“Inafanya kazi nikiendesha kwa -f, basi imekwisha”

-f huiacha programu mbele ya macho yako. Bila hiyo, fuse_main hufanya fork na kwenda nyuma ya pazia. Uzi wowote ulioanzishwa ndani ya main kabla ya hapo haupo tena kwenye mtoto: uzi wa kusafisha akiba, uzi wa mtandao, maktaba fulani za HTTP zinazoanzisha nyuzi kimyakimya. Mfumo unapachikwa vizuri, kisha ombi la kwanza linasubiri milele. Anzisha nyuzi ndani ya init, ambayo huitwa baada ya fork. Folda ya kazi nayo hubadilishwa kuwa /, hivyo njia kama ./data ipitishe kwenye realpath kabla ya kuita fuse_main. Na printf yako inakwenda /dev/null, yaani inapotea. Tumia syslog, au -d unapotaka kuona kila ombi likipita.

“Programu yangu inaweza kusoma folda iliyopachikwa, kama yeyote”

Inaweza kujaribu. Ukifungua njia iliyo chini ya sehemu uliyojipachika, kerneli inatuma ombi kwako na kukusubiri, nawe unaisubiri. Kwa uzi mmoja mkwamo ni wa hakika. Kwa nyuzi nyingi hutokea siku wawili watatu wakigusa folda moja. Anayetaka kujipachika juu ya folda ile ile anayoisoma afungue folda hiyo kwa O_DIRECTORY kabla ya kupachika, kisha atumie openat na fstatat kupitia namba hiyo.

Mkwamo ukishatokea, programu zinazosubiri huonekana kwenye hali ya D (usingizi usiokatizwa) na kill -9, amri ya kuua kwa nguvu, huenda isizitoe. Tazama /sys/fs/fuse/connections/: kila mfumo una folda ya namba yake, faili la waiting linaonyesha maombi mangapi yamekwama, na echo 1 kwenye abort hukata uhusiano. Ikiwa programu yako imekufa badala ya kukwama, mtumiaji huona “Transport endpoint is not connected”. Hilo huondolewa kwa fusermount3 -u, au -uz kama kuna aliyeng'ang'ania folda.

“FUSE ni pole pole, hamia API ya chini”

Kila ombi lina safari ya kutoka kerneli hadi kwako na kurudi, hilo halikanushwi. Lakini kabla ya kuandika upya, pima ni maombi mangapi yanakuja. ls -l kwenye folda ya mafaili 1,000, ambapo kila getattr inakwenda seva ya mbali kwa milisekunde 50, ni sekunde 50, na hakuna API itakayokuokoa. Ndani ya readdir jaza stat (sifa) nzima ya kila faili na uipe filler, fanksheni inayopokea majina, alama ya FUSE_FILL_DIR_PLUS, kisha tunza matokeo upande wako kwa sekunde chache. Kwa mafaili makubwa angalia kerneli: tangu 4.20 ombi moja linaweza kubeba hadi MiB 1, ambapo awali ukomo ulikuwa KiB 128.

API ya chini ina faida yake, kwa kuwa inakupa inodi (namba ya utambulisho wa faili) badala ya njia, na unaweza kujibu baadaye bila kushikilia uzi. Lakini unarithi hesabu ambayo API ya juu ilikufanyia kimya. Kila fuse_reply_entry na fuse_reply_create huongeza moja kwenye hesabu ya inodi hiyo, na vilevile kila jina unalolitoa kwenye readdirplus isipokuwa . na .. peke yake. forget, ombi la kerneli la kuisahau inodi, ikija na nlookup ya 5, unapunguza 5, si 1. Ukiachia kumbukumbu kabla hesabu haijafika sufuri, ombi linalofuata litashika anwani iliyokwisha kupewa mwingine. Usipoachia kabisa, find moja kwenye mti mkubwa inatosha kuijaza RAM. Na faili lililofutwa likiwa bado wazi ni mzigo wako sasa: API ya juu ilikuwa ikilibadilisha jina kuwa .fuse_hidden na namba, hadi wa mwisho alifunge.