2,147,483,647: yanayosemwa na yalivyo kweli

Ukicheza magemu ya zamani au ukiandika programu kidogo lazima umeshakutana na hii namba, na maneno juu yake ni mengi kweli.

Kuna wanaosema mafundi wa kompyuta waliichagua iwe kikomo cha kuhesabia kwa sababu ni namba tasa. Hapana bana. Zidisha 2 thelathini na moja zenyewe kwa zenyewe, toa 1, ndo hiyo. Namba ya biti 32 (biti ni nafasi ya 0 au 1), biti moja inaliwa na alama ya chanya au hasi, zinabaki 31, zote zikiwa 1 umefika hapo. Ya biti 16 inaishia 32,767 ambayo ni 7 × 31 × 151, na ya biti 64 nayo inagawanyika kwa 7 vizuri tu, kwa hiyo utasa wa hii ni bahati yake, kompyuta haina habari.

Eti kompyuta haiwezi kuhesabu zaidi ya hapo? Inaweza sana. Shida ni programu iliyotengewa biti 32 tu, ukiongeza 1, mara nyingi inarukia -2,147,483,648, ndo maana watu wanaiogopa tarehe 19 Januari 2038, mifumo inayohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti 32 itafika ukingoni saa 12 na dakika 14 asubuhi, saa za Afrika Mashariki. Yenye biti 64 itapita kimya.

Sasa dhana ninayoipenda mimi: eti kuthibitisha ni tasa lazima ugawanye kwa kila namba mpaka bilioni mbili. Kwanza unaishia kwenye kipeuo cha pili, 46,340 hivi. Halafu mwanahisabati Leonhard Euler, kufikia 1772, bila kikokotoo wala nini, akapunguza kazi zaidi: kigawo chochote tasa cha namba hii ukikigawanya kwa 248 lazima kibakize 1 au 63. Hebu tujaribu. 63 yenyewe si tasa, 249 ni 3 × 83, toa. 311 ni tasa, gawanya, inabaki 35, imegoma. Tasa inayofuata kwenye foleni ni 1,303, yaani umeshavuka karibu namba elfu nzima hujagusa kitu! Mpaka 46,340 wagombea hawafiki 400 hata ukihesabu na wasio tasa, na wote wanagoma.

Wengine wanadhani ukizidisha zile 2 mara tasa yoyote badala ya 31, ukatoa 1, unapata tasa. Weka 11: 2,047, ambayo ni 23 × 89. Imeishia hapo.

Na si tasa kubwa kuliko zote jamani, hakuna kitu kama hicho, Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alishalimaliza zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na iliyotangazwa Oktoba 2024 ina tarakimu 41,024,320. Yetu ina 10. Ila izidishe na 1,073,741,824 unapata 2,305,843,008,139,952,128, ambayo vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha ileile, kama 6 ilivyo 1 + 2 + 3, na kwenye ukoo huo ni ya 8 tu.