Ploti kwanza, matofali baadaye

Wiki hizi malalamiko yamejaa hapa ofisini kwetu kwa wakaguzi wa majengo, mtu anakuja kakasirika eti jengo lake limepigwa eksi nyekundu ya kukosa kibali na yeye "ana karatasi zote". Ukiziomba, ni agrimenti ya kununua ploti yenye muhuri wa LC1, yaani serikali ya kijiji au mtaa. Jamani, muhuri huo unashuhudia tu kwamba mliuziana, hauruhusu kujenga hata choo. Tumelisema hili mara ngapi?

Ila leo sitaki kuanzia kwenye eksi, nataka kuanzia siku ile ulipomaliza kulipia ploti. Siku hiyo ndo ya kumtafuta msanifu majengo, na sio lazima akuchoree chochote, mlipe tu mtembee naye kwenye ploti masaa mawili. Mnasema msanifu ni wa matajiri, mbona dalali mlimlipa bila kelele?

Juzi nimekagua nyumba, ploti futi 50 kwa 100 kama nyingi zetu, plani mwenyewe kaitoa kwenye simu, nzuri kweli, ila imejaa kutoka ukuta hadi ukuta na shimo la septiki limebaki nyuma. Nikamuuliza mzee, hili likijaa gari la kunyonya litapitia wapi? Akamwangalia fundi, fundi akaangalia viatu vyake. Halafu sebule ina dirisha kubwa la kioo limeelekea magharibi, saa kumi jioni mle ndani ni tanuri. Huku kwetu kwenye ikweta kuta ndefu ziangalie kaskazini na kusini, jua lipige zile fupi. Kwenye karatasi, kuyarekebisha hayo ilikuwa kazi ya penseli na ufutio, sasa inataka nyundo.

Na nyie mnaonunua ploti kandokando ya maji Januari zikiwa kavu, Aprili wapangaji ni vyura. Ziwa Victoria kanuni zinalinda mita 200 toka kwenye maji, hapo hakuna plani ya kukuokoa.

Sasa utaratibu, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 ya hapa Uganda. Unaanza na ruhusa ya kamati ya mipango, halafu kibali cha ujenzi toka kamati ya majengo, michoro imesainiwa na msanifu aliyesajiliwa na ile ya nondo na zege na injinia aliyesajiliwa, halafu ukaguzi kazi ikiendelea, halafu kibali cha kuhamia, ndio, hata kuhamia kuna kibali chake. Kuanza bila kibali ni kosa la jinai, kuna faini na kuna jela. Faini sheria inazihesabu kwa pointi, pointi moja ni shilingi 20,000, kwahiyo ukisikia pointi 10 usidhani ni elfu kumi, ni laki mbili. Naongea kwa ujumla tu, faili lako litaangaliwa lenyewe.

Ukija beba agrimenti au hati, ramani ya mpimaji, na picha za ploti ulizopiga mvua ikinyesha. Za kiangazi ziache nyumbani.